Mwezi wa Majonzi na Komeo la Chini

Kabla sijasema lolote, naomba ieleweke kwamba nchi yetu ni nzuri. Jina lake sitalitaja. Si kwa woga, bali kwa sababu jina hilo kwa sasa liko kwenye kamati, linafikiriwa upya, na raia mwema haitangulii kamati. Mimi ni balozi wa nyumba kumi katika Mtaa wa Shukrani. Kazi yangu ni kujua nani kalala wapi, na kumsalimia kila mtu kwa uchangamfu ili naye ajue kwamba najua.

Mambo yalianza mwaka ule ambao Mwenyezi Mungu, bila kuwasiliana na wizara yoyote, aliwachukua watu wetu mashuhuri karibu wote katika mwezi mmoja. Alitangulia daktari bingwa wa moyo, ambaye alikufa kwa moyo. Akafuata mshambuliaji wa timu ya taifa, yule aliyetufungia bao letu la pekee. Akaondoka malkia wa taarabu, akaondoka askofu, akaondoka bingwa wa ngumi, na bwana mmoja aliyekuwa akitunga kamusi ya taifa, akatuacha katikati ya herufi M. Mwisho akafa mhandisi aliyejenga daraja letu kubwa, na juma lile lile daraja nalo likamfuata.

Bendera ilishushwa nusu mlingoti na kupandishwa, ikashushwa tena, hata kamba ikakatika. Mtukufu Mlezi wa Taifa alihutubia kila mazishi mpaka sauti ikamkauka. Hotuba za mwisho alikuwa anakohoa tu, nasi tulipiga makofi kila alipokohoa kwa maana.

Lakini baada ya dhiki faraja. Mwezi huo bei ya sukari ilipanda maradufu na hakuna aliyeuliza, kwa sababu kila mtu alikuwa analia. Walimu waliokuwa wameapa kugoma walikuja na mashada ya maua. Gereza jipya lilifunguliwa na watu wakadhani ni ukumbi wa msiba. Mtukufu Mlezi akayaona hayo, akatafakari, na mwaka uliofuata ikatoka Sheria ya Mwezi wa Majonzi: mtu yeyote mashuhuri, wa fani yoyote ile, atakufa mwezi wa saba. Miezi mingine waachiwe wananchi wa kawaida, wafe kwa uhuru wao. Kifungu cha mwisho kilisema kwamba Mtukufu Mlezi mwenyewe hajapangiwa mwezi.

"Kilio kimoja ni nafuu kuliko vilio vingi," alitufafanulia Waziri wa Maombolezo, Mheshimiwa Profesa Ngwatu Kilindo. "Mataifa makubwa yanatuonea wivu. Wao bado wanakufa ovyo ovyo."

Kwa wale waliokosea mwezi, serikali haikuwa na ukatili. Ilitangazwa tu kwamba wako nje kwa matibabu. Hiyo nje ni chumba cha barafu cha kiwanda cha samaki kule bandarini. Familia zao zilitakiwa kutoa shukrani kwa madaktari.

*

Sasa niwaeleze habari ya utani, kwa wale waliozaliwa juzi. Zamani watu wa Bondeni na watu wa Milimani walipigania ng'ombe hadi wakachoka wote wawili, na ng'ombe wakafa. Wakakubaliana kwamba tangu siku hiyo wapigane kwa maneno. Basi mtu wa Milimani akifa, watani wake wa Bondeni ndio wenye msiba. Wanaingia bila hodi. Wanavaa nguo za marehemu, wanaiga mwendo wake na sauti yake, wanamdai madeni ya uongo, wanalia vilio vya uongo mpaka wafiwa wa kweli wacheke. Na kaburini mtani ana haki ya kulizuia jeneza mpaka apewe anachotaka. Lolote atakalosema, hakuna ruhusa ya kukasirika. Atakayemvunjia mtani haki yake kaburini, wazee wanasema, ukoo wake utakufa kwa kufuatana hadi wabaki wa kufungia mlango tu. Utani ni jambo pekee nchini lisilohitaji kibali.

Jirani yangu Chitete alikuwa mtu wa Bondeni, fundi wa kushona magodoro ya sufi. Nyumba zetu zimepakana ukuta kwa ukuta. Kwa kazi ya godoro alikuwa wa kawaida, magodoro yake yalikuwa na mabonde. Lakini msibani hakuwa na mwenzake. Alikuwa akisikia sauti ya mtu mara moja, anaimeza, akiitoa mama mzazi anaitika. Watu walikuwa wakisema afadhali ufiwe Chitete akiwepo.

Mkewe aliitwa Bi Somoe. Walikuwa na binti mmoja, Tausi, kaolewa mbali. Kila jioni kabla ya kulala nilisikia ukutani mazungumzo yale yale.

"Mama Tausi, na komeo la chini lifungwe. La juu limeoza."

"Nimeshafunga, bwana we. Lala."

Nimeyasikia hayo miaka na miaka. Mke wangu alikuwa akisema Chitete ana wivu. Mimi nikimwambia hapana, komeo la juu kweli limeoza, nimelikagua.

*

Mwezi wa pili, tena bila kibali, alifariki Edwini Kalinjuma, mtangazaji wa mpira wa redio ya taifa. Sura yake hakuna aliyeijua vizuri, lakini sauti yake ilijulikana hata na mbuzi. Bao likiingia alikuwa akipiga ukelele, "Mama weee, nishikeni!" na nchi nzima inashikana. Fainali ya Kombe la Mlezi ilikuwa inakaribia. Mtukufu Mlezi, ambaye wakati huo alikuwa mgonjwa na alisema nasi kwa redio tu, au akiwa nyuma ya pazia, alikuwa hapendi kusikiliza mpira kwa sauti nyingine.

Waziri Kilindo alikwenda mwenyewe nyumbani kwa marehemu, kuitaarifu familia kwamba marehemu hajafa. Alipofika mlangoni akasikia sauti ya Kalinjuma sebuleni.

Alikuwa Chitete. Kavaa koti la marehemu, kashika kikombe kama kipaza sauti, anatangaza mechi kati ya marehemu na wadai wake. "Anakuja mwenye duka, anampiga chenga mwenye nyumba, Kalinjuma kajificha chini ya kitanda, mama weee, nishikeni!" Mjane, Bi Perpetua, alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka, kashika mbavu, anasema, "Muacheni, muacheni, ndiye kabisa."

"Ndiye kabisa," Waziri akasema pale mlangoni. Akaagiza mlango ufungwe.

*

Chitete aliteuliwa kuwa Kalinjuma mpaka mwezi wa saba. Alijaribu kukataa. Alisema yeye ana magodoro ya watu.

"Ndugu," Waziri akamwambia kwa upole, "kujifanya mtu mashuhuri bila kibali ni kosa. Na kuacha kujifanya, ukiwa umeshapewa kibali, ni uhaini. Wewe mwenyewe chagua, hii ni nchi huru."

"Na mwezi wa saba ukifika, mimi natoka?"

"Swali zuri sana. Litaundiwa kamati."

Hayo nimeyapata kwa mlinzi wa nyumba ile, ambaye kamwoa dada yangu, na ambaye hawezi kukaa na neno.

Chitete akahamishiwa nyumba ya Kalinjuma, hapo hapo kwa mjane. Asubuhi anapelekwa redioni kwenye gari lenye vioo vyeusi, jioni anarudishwa. Alitangaza fainali vizuri hata Mtukufu Mlezi akatoa tamko kwamba matibabu yamemrudishia Kalinjuma ujana. Bi Perpetua alikuwa amezuiwa kuvaa nyeusi. Alipika chakula cha watu wawili, akakaa upande wa pili wa meza, akimwangalia mtu wa Bondeni aliyevaa kandambili za mumewe.

"Kula, mtani," alikuwa akimwambia. "Usipokula watasema umeugua, na ukiugua watakupeleka nje."

Hawakuwa na ugomvi, maskini. Kila mmoja alikuwa pingu ya mwenzake. Usiku mjane akitaka kumlilia mumewe aliingia jikoni, akafungulia bomba la maji kwa nguvu, akalia humo.

Siku moja, ili kumchangamsha, Chitete akajifunika pazia la dirishani akaanza, "Wanangu, wanangu, wanangu..." Akakohoa kule koo linakokwama, akavuta pumzi kwa pua. Ilikuwa sauti ya Mtukufu Mlezi tupu. Bi Perpetua akacheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi yasiyofanyika. Lakini nje mlinzi, shemeji yangu, alisimama wima akapiga saluti, akabaki hivyo hadi mkono ukafa ganzi. Baadaye akaripoti kwa Waziri. Waziri hakukasirika. Alitabasamu tu, na zamu ya walinzi ikaongezwa.

*

Bi Somoe alikuja kwangu, kwa kuwa mimi ndiye serikali ya mtaa.

"Balozi, mume wangu yuko wapi?"

"Kasafiri, shemeji. Kikazi."

"Kazi gani? Sindano zake hizi hapa."

"Kazi ya taifa haina sindano."

"Balozi, mimi namsikia redioni. Yule anayetangaza mpira ni Baba Tausi. Anavuta pumzi kwa pua kabla ya neno refu. Nimelala ubavuni pake miaka ishirini na ushei, huniambii kitu."

Nikamweleza kwamba yule ni Kalinjuma, na kwamba raia wakianza kila mmoja kusikia redioni anachokitaka yeye, redio haitakuwa na maana. Akazikusanya zile sindano. Kisha akasema, "Haya, Balozi. Mwezi wa saba si mbali," akaondoka. Nilifurahi kuona kaelewa.

Mwezi wa sita ukaja mgao wa umeme. Kiwanda cha samaki nacho hakikusamehewa. Nitasema tu kwamba waliokuwa nje kwa matibabu iliwabidi warudi haraka sana, wakazikwa kwa pamoja alfajiri, bila wimbo, nyuma ya kiwanda. Kalinjuma halisi alikuwa mmoja wao.

Hapo Waziri alikuwa na tatizo la kweli. Alimfuata Chitete sebuleni, akakaa, akaomba chai.

"Ndugu, majeneza mengine yameshapata wa kuyajaza, lakini mwezi wa saba tunalo jeneza la Kalinjuma na hatuna Kalinjuma."

"Zikeni jeneza tupu," Chitete akasema. "Nani atajua?"

Waziri akaweka kikombe chini. Alikuwa ameumia kweli. "Jeneza tupu? Ndugu yangu, huo ni udanganyifu. Serikali hii haiwezi kuwadanganya wananchi wake."

Bi Perpetua aliyekuwa mlangoni na sinia, sinia likamponyoka.

*

Mwezi wa Majonzi ukaingia. Mwanzoni tu redio ikatangaza vifo vyote kwa mpigo, kwa mpangilio wa fani: sayansi, dini, michezo, muziki, biashara. Sukari ikapanda asubuhi hiyo hiyo. Mazishi yalifanyika Bustani ya Mashujaa, majeneza yamepangwa safu mbili mbele ya makaburi, na pembeni jukwaa lenye pazia, Mtukufu Mlezi akiwa nyuma yake. Kila mtaa ulileta waliaji wake. Mimi nilikuwa msimamizi wa vilio vya Mtaa wa Shukrani, ndiyo maana nilipewa nafasi karibu na jukwaa.

Jeneza la Kalinjuma lilipoinuliwa, akatoka mwanamke kwenye umati. Kavaa shati la kiume lililojaa sufi mabegani. Akalikalia jeneza, akakunja nne.

"Haliendi popote!" akasema Bi Somoe. "Mimi mtani, mtu wa Bondeni. Huyu wa Milimani mnamzika kwa ruhusa ya nani?"

Umati ukalipuka kwa furaha. Watu walikuwa wamechoka kulia kwa zamu. Waziri akatabasamu kwa kamera, akasogea kama mila inavyotaka.

"Karibu, mtani wetu. Unataka nini?"

"Namtaka aliyemo."

Kicheko.

"Huyu si Kalinjuma. Ni Chitete, mume wangu, fundi magodoro. Na hajafa. Nyamazeni msikie!" Akapiga ubao kwa kiganja, na kutoka ndani, kwa udhaifu, ubao ukapigwa.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Watani wa siku hizi hawana mchezo, mpaka vyombo vya sauti wanakuja navyo!"

"Jamani!" Bi Somoe akalia. Alikuwa amesimama sasa, mikono kichwani. "Jamani, msicheke. Haki ya Mungu sitanii. Mara hii moja tu, sitanii!"

Ndipo walipocheka hasa. Hata mimi nilicheka, kwa sababu nilikuwa msimamizi na nilitazamwa. Lakini mke wangu aliyekuwa kando yangu hakucheka, wala hajanisemesha vizuri tangu siku hiyo.

Waziri alimpa mbuzi, akakataa. Akamwongezea ng'ombe na kitenge cha sherehe, akakataa. Kumwondoa kwa nguvu haikuwezekana. Waziri ni wa Milimani, na Mtukufu Mlezi ni wa Milimani, na sheria zote nchini zinavunjika isipokuwa ile ya ukoo kufuatana. Ikabidi Waziri apande jukwaani kuomba uamuzi nyuma ya pazia.

Alikawia. Vipaza sauti vilikuwa vinanguruma peke yake. Aliposhuka, alitembea kama mtu aliyefika kwake akakuta funguo kazisahau safarini. Aliwanong'oneza askari. Wakaleta hema dogo wakalizungushia jeneza, kwa heshima ya marehemu, wakasema, na tukasikia misumari inang'olewa.

Kutoka nilipokuwa niliona ndani ya hema kwa upenyo. Chitete alitoka amelowa jasho, midomo imepasuka. Bi Somoe alimshika uso kwa mikono yote miwili.

"Baba Tausi. Twende nyumbani."

"Mama Tausi, nilijua utakuja kama mtani. Nilikuwa nategemea hapo tu."

"Twende. Usiseme kitu, twende."

"Dakika moja tu, mama," Waziri akasema, akamshika Chitete mkono kwa adabu kubwa. "Tunamhitaji aseme neno moja kwa wananchi. Neno moja, kisha tutaona."

Bi Somoe hakumwachia. Askari wakamfungua vidole kimoja kimoja, taratibu, bila kumvunjia haki ya utani. Chitete akapandishwa jukwaani, pazia likafunguka kidogo na kufungika. Katika kule kufunguka niliona viatu vya mtu aliyelala, viatu vinavyong'aa ambavyo katika nchi hii anavyo mtu mmoja. Nikageuka nikaangalia bendera. Ilikuwa nusu mlingoti, mahali pake pa siku hiyo.

Vipaza sauti vikakohoa.

"Wanangu, wanangu, wanangu."

Umati ukasimama. Pumzi ikavutwa kwa pua. "Mila zetu ziheshimiwe. Mama huyu... mama huyu ni mtani wa kweli. Apewe jeneza alilolidai. Alichukue nyumbani kwake." Hapo sauti ikakatika, ikarudi. "Msimguse mama huyu. Nimesema mimi. Asiguswe."

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Bi Somoe peke yake hakupiga. Alikuwa kasimama ndani ya shati la mumewe, akilitazama pazia. Alisubiri mpaka watu wakaondoka, mpaka viti vikakusanywa. Kisha lori la serikali likampeleka nyumbani na jeneza lake tupu, king'ora kikilia njia nzima. Jioni hiyo kiwanda cha samaki kilipata jenereta jipya.

*

Sasa nchi inaendelea vizuri. Mtukufu Mlezi amepata nafuu ya ajabu, anahutubia kila jioni baada ya taarifa ya habari. Na kama nilivyosema pale mwanzo, yeye hajapangiwa mwezi. Wengine wote wana mwezi wa saba wa kuutazamia. Yeye hana.

Kuna jambo moja tu geni. Tangu siku ile, kila hotuba yake inaishia kwa maneno haya: "Na komeo la chini lifungwe." Wataalamu walikaa wakaamua ni falsafa. Wizara ikatoa mwongozo. Nyumba zisizokuwa na komeo la chini zikapewa juma moja, makomeo yakaadimika madukani, mafundi wakatajirika. Hivi leo hotuba ikiisha unasikia mtaa mzima, nyumba baada ya nyumba, chuma kinaingia kwenye chuma. Nchi yote imejifungia kwa ndani. Mimi napita na tochi kuhakikisha.

Nyumba moja tu katika kumi zangu haitii. Jeneza limesimamishwa ukumbini, Bi Somoe kalifanya kabati la vyombo. Eda hakai, maana hajafiwa. Mume hana. Kila jioni anaiweka redio kwenye kiti cha Chitete, na mimi upande wa pili wa ukuta nasikia kila kitu, kwa kuwa kazi yangu ni kusikia.

"Na komeo la chini lifungwe," inasema redio.

"Sijafunga," anajibu Bi Somoe. "Na sifungi. Njoo ufunge mwenyewe."

Kisha unakuja upepo kupitia mlango wake ulio wazi, unapiga sufi sakafuni. Ninapaswa kumripoti. Badala yake naongeza sauti ya redio yangu, wimbo wa taifa uko karibu kuanza, na mke wangu ananitazama.